Ngoma Ivumayo Masikioni

Wazee wetu walisema kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Leo nataka kuuazima msemo huo nizungumzie kidude kidogo kinachoingia mfukoni. Kidude chenyewe ni amplifaya ya hedifoni, yaani kisanduku chenye betri ndani yake, ambacho mtu hukiunganisha na simu au redio yake upande mmoja, na hedifoni upande wa pili, ili sauti ipate nguvu. Wapenzi wa vidude hivi wako Marekani, Uingereza, Japani, Singapore na China, na hata hapa Nairobi wapo, ingawa si wengi. Mimi mwenyewe nimekuwa mmoja wao kwa zaidi ya miaka kumi, na kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyaokota njiani.

Linalonisumbua si kidude hicho. Linalonisumbua ni bei yake kinapouzwa mara ya pili, na kelele inayoifanya bei hiyo ipande na kushuka kama kishada cha watoto. Wapo vijana wetu wanaopoteza akiba zao katika kelele hiyo, na wapo watu wazima wanaoichochea. Nitakiri baadaye kwamba mimi nami nimewahi kuichochea.

Kwanza yafaa msomaji aelewe kazi ya kifaa hiki, maana asiyejua kazi ya jembe hawezi kujua bei yake. Hedifoni si sawa zote. Zile ndogo zilizo nyingi madukani huwa na ukinzani wa omu 16 hadi 32, na simu huziendesha bila taabu. Lakini zipo zilizokusudiwa mitambo mikubwa zaidi. Sennheiser HD 600, iliyotolewa mwaka wa 1997, ina omu 300. Beyerdynamic DT 880 ilitolewa hata kwa omu 600. Hedifoni za namna hiyo hudai volti nyingi kuliko zile ambazo simu nyingi huweza kutoa. Ukizichomeka katika simu, aghalabu utausikia muziki kwa mbali, kana kwamba mwimbaji yuko chumba cha pili. Hapo ndipo amplifaya inapohitajika kweli. Pasipo haja hiyo, amplifaya ni mwavuli wakati wa kiangazi.

Mapenzi haya yalianza kwa unyenyekevu. Katika miaka ya 1990 kampuni ya HeadRoom, huko Bozeman katika jimbo la Montana, Marekani, ilikuwa ikiuza amplifaya za kusafiri nazo. Mwishoni mwa miaka hiyo bwana mmoja aitwaye Chu Moy alitoa mchoro wa amplifaya ndogo ambayo yeyote aliyejua kulehemu angeweza kuiunda nyumbani. Watu waliitia ndani ya mikebe ya peremende za Altoids, wakaweka betri ya volti 9, wakaiita CMoy. Haikuwa na fahari yoyote, na furaha yake kubwa ilikuwa katika kuiunda.

Kisha biashara ikapanuka. Kampuni ya FiiO, iliyoanzishwa mwaka wa 2007 katika mji wa Guangzhou, China, ilitoa amplifaya ndogo ambazo mtu wa kawaida angeweza kuzimudu. Kwa upande mwingine, mwaka wa 2015 kampuni ya Chord ya Uingereza ilitoa Mojo, ambayo pia hugeuza tarakimu za muziki kuwa sauti, kwa pauni 399. Kati ya mkebe wa peremende na pauni 399 kuna nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo ndimo walimoingia walanguzi.

Nimeitazama ngoma hii ikipigwa mara nyingi, na mdundo wake haubadiliki. Kwanza huja mnong'ono: fulani amesikiliza amplifaya mpya, naye anasema imeiua ile ya bei mara tatu. Mnong'ono hugeuka uvumi, na uvumi hugeuka vifijo. Karakana inayoitengeneza ni ndogo, kwa hiyo wanunuzi huanza kupanga foleni ya majuma au miezi. Hapo ndipo ajabu hutokea, kwani kifaa kilichokwisha kutumika huuzwa kwa bei ya kipya, na pengine hupita, kwa sababu muuzaji anakuondolea taabu ya kungoja. Kisha foleni huisha. Mmoja hujitokeza na kusema kwamba yeye hakusikia ajabu yoyote, na mwingine humuunga mkono. Mara mnong'ono mpya huanza juu ya kifaa kingine, na wale waliokuwa wakiapa kwa kile cha kwanza hukimbia sokoni kukiuza, wote kwa wakati mmoja. Bei huanguka. Baada ya mwaka mmoja au miwili hutulia mahali pake, na hapo ndipo mnunuzi mwenye subira huweza kununua bila kupigwa.

Msomaji atauliza, je, kifaa hicho kimebadilika? La, hasha. Chipu ni zile zile na waya ni ule ule. Kilichobadilika ni watu tu.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu hudanganyika? Sababu moja iko katika sikio. Mafundi wa sauti wanajua siku nyingi kwamba ukisikiliza vifaa viwili vinavyolingana kwa kila hali, kile kinachopiga kwa nguvu kidogo zaidi, hata kwa desibeli moja tu, utakiona ni bora, wala hutatambua kwamba kilichokuvutia ni ukubwa wa sauti. Amplifaya kazi yake ni kuongeza nguvu. Mtu akiichomeka kwa mara ya kwanza na kushangaa, mshangao wake ni wa kweli, lakini maelezo anayoyatoa huenda si ya kweli.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, na ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu. Katika soko la vitu vilivyotumika, anayesifu na anayeuza ni mtu mmoja. Aliyenunua kwa bei ya juu hapendi bei ianguke kabla hajauza chake. Kwa hiyo husifu. Wala si lazima awe mwongo. Huenda anajisadikisha mwenyewe kwanza. Lakini kila sifa yake ni kama tofali moja katika ukuta unaozuia hasara yake, na ukuta huo humwangukia yule anayekuja nyuma.

Nami nilikuwa mmoja wa wajenzi wa ukuta huo. Miaka michache iliyopita nilinunua amplifaya moja, jina lake nitalihifadhi, kwa shilingi 52,000 pamoja na gharama za kuiagiza. Niliisifu kwa kila aliyekuwa na masikio. Kisha nikapata habari kwamba watengenezaji wake wanakaribia kutoa nyingine mpya. Nilijua maana yake. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, fundi cherehani mwenye kupenda muziki wa rumba, alikuwa amenisikia nikisifu, naye alikuwa amepata zamu yake katika chama chao. Nilimuuzia kwa shilingi 40,000. Sikumwambia habari niliyokuwa nayo. Nilijiambia kwamba biashara ni biashara.

Baada ya miezi miwili ile mpya ilitoka, na ile aliyoinunua kijana huyo haikuweza tena kupata zaidi ya shilingi 22,000. Siku moja nilimkuta kwenye kituo cha matatu. Alikuwa ameifunga amplifaya pamoja na simu yake kwa mpira, naye amevaa vihedifoni vidogo vya omu 32 ambavyo simu yake ingeweza kuviendesha peke yake. Aliponiona alinyanyua mkono kwa furaha na kunishukuru. Nakwambia, msomaji, ni afadhali angenitukana.

Jioni hiyo nilimwita nyumbani. Tulichukua wimbo mmoja anaoujua vizuri, tukalinganisha ukubwa wa sauti kadiri tulivyoweza, kisha nikawa nambadilishia: mara simu peke yake, mara simu pamoja na amplifaya, bila yeye kuona. Tulirudia mara kumi. Alipatia mara tano, akakosea mara tano. Hatimaye akavua vihedifoni akacheka, akasema, "Mzee, mimi nilikuwa nikisikia sauti imeongezwa tu." Yeye alicheka, lakini mimi sikucheka. Niliichukua amplifaya ile na kumrudishia fedha zake zote, kwa awamu mbili, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kuingia katika kununua ile mpya.

Sisemi hayo ili nisifiwe. Nayasema kwa sababu jambo lile tulilolifanya sebuleni kwa nusu saa ndilo ambalo soko zima hulikwepa. Mwaka wa 2011 mtu mmoja aliyejificha nyuma ya jina la NwAvGuy alijaribu kulilazimisha soko lilitazame. Alibuni amplifaya iitwayo Objective2, akaonyesha vipimo vyake wazi, na akatoa mchoro wake bure ili karakana yoyote iweze kuitengeneza na kuiuza. Ziliuzwa zikiwa zimekamilika kwa chini ya dola 150, naye alidai kwamba zilikuwa sawa na amplifaya za bei mara nyingi zaidi. Kulizuka ugomvi mkubwa. Mwaka wa 2012 alinyamaza ghafla, na jina lake halisi halikupata kutangazwa. Lakini somo lake lilibaki: kitu ambacho kila mtu anaweza kukitengeneza, mlanguzi hapati pa kukishikia. Hata hivyo na tuseme ukweli wote, kwani Objective2 nayo iligeuka ngoma, na wapo walioinunua kwa ajili ya vifijo bila kuwa na hedifoni iliyoihitaji.

Miaka minne baadaye Apple walitoa iPhone 7 isiyo na tundu la hedifoni, wakauza kijiwaya cha kuunganishia kwa dola 9. Ndani ya kijiwaya hicho mna amplifaya kamili. Wapimaji walipokipima waliona kwamba dosari zake ni ndogo mno. Hutoa takriban volti 1. Volti 1 huifikisha hata ile HD 600 ya omu 300 kwenye desibeli 97 hivi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu asizidishe saa 40 kwa juma kwenye desibeli 80. Hakuna anayekipigia kijiwaya hicho ngoma, kwa kuwa hakuna wa kupata faida kwa kukiuza mara ya pili.

Pengine mtu atanijibu kwamba vipo vitu ambavyo bei yake hupanda kadiri vinavyozeeka. Ni kweli. Walkman ya kwanza ya Sony, TPS-L2, iliuzwa Japani mwezi wa Julai mwaka wa 1979 kwa yeni 33,000. Kwa miaka mingi ilisahauliwa. Mwaka wa 2014 ilionekana katika filamu ya Guardians of the Galaxy, na mara bei yake ikapaa. Je, kanda zilianza kulia vizuri zaidi mwaka huo? Anayeinunua leo ananunua kumbukumbu, na hilo si kosa, mradi ajue anachokinunua. Isitoshe, amplifaya ya mfukoni ina adui ambaye Walkman ya kale hakuwa naye. Walkman ile hutumia betri za kawaida zinazouzwa dukani, lakini amplifaya nyingi za siku hizi zina betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani, nayo hudhoofika mwaka hata mwaka, hata ikiwekwa kabatini.

Kwa hiyo ninawashauri wasomaji wanaoipenda kazi hii. Kwanza, tazama hedifoni yako ina omu ngapi na jinsi inavyolia sasa; ikiwa sauti inakutosha na bado imebaki nafasi ya kuiongeza, weka fedha zako mfukoni. Ukiwa na haja ya kweli, usinunue wakati ngoma inavuma; ngoja itulie. Unapokwenda kununua iliyotumika, iwe ni Luthuli Avenue au kwa rafiki, muulize muuzaji betri hudumu saa ngapi, zungusha kitufe cha sauti usikilize kama kinakwaruza, na uishushe sauti chini kabisa ili ujue kama sikio moja linazimika kabla ya lingine. Mwisho, muulize ni kwa nini anauza, kisha umtazame usoni anapojibu.

Na kwenu ninyi wenzangu tunaosifu, nasema hivi: tunapofungua kinywa kusifu kifaa tunachokusudia kukiuza, tuseme wazi kwamba tunakiuza. Tukijua habari itakayomdhuru mnunuzi, tumwambie kabla hajatoa fedha zake. Hasara ya shilingi 18,000 haikuniua. Ile amplifaya ingali juu ya redio yangu, na kila nikiitazama nakumbuka mkono ulionyanyuliwa kituoni kunishukuru.