Ng'ombe Hulia, Kitabu Hakilii

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo liangushalo nia njema nyingi katika nyumba zetu, nalo ni kungoja hamu.

Mtu husikia maneno mazuri mkutanoni, moyo wake ukawaka, akarudi nyumbani amekwisha kukata shauri: tangu leo nitasoma kila siku, nitaipalilia mibuni yangu, nitaweka akiba. Juma la kwanza hufanya kwa furaha. Juma la pili mvua yanyesha, mwili umechoka, naye asema, "Leo sina moyo, nitafanya kesho." Juma la nne shauri lile limekufa, wala hapana aliyelizika. Ndipo ajiitapo mvivu. Sisi twaona kwamba kosa lake ni jingine: ameipa hamu kazi isiyo yake. Hamu ni kama majani makavu ya mgomba. Huwaka upesi, lakini hayaivishi chungu cha maharagwe.

Tazameni huku kwetu Tarakea, na Rombo yote. Ng'ombe wengi hufungwa zizini, hawaendi malishoni. Kila siku lazima mtu akate majani, mara nyingi mbali, huko chini tambarare, kisha ayapandishe kichwani. Yakipungua, hukatwakatwa migomba iliyokwisha kuzaa. Je, mama yule ajitwikaye mzigo hujiuliza kwanza kama ana hamu? Hajiulizi. Akiwa na furaha, ng'ombe hula. Akiwa na huzuni, ng'ombe hula. Kwa hiyo maziwa hupatikana, na samadi hufika migombani na mibunini mwaka hata mwaka.

Basi mbona mtu huyo huyo hushindwa kusoma kurasa mbili? Kwa maana ng'ombe akinyimwa hulia, na majirani wakasikia. Kitabu hakilii. Daftari ya hesabu za nyumba hailii. Mbuni usiopogolewa hunyamaza tu, na msimu ukifika huzaa haba. Kujitawala, basi, ni kukipa sauti kitu kisicho na sauti.

Mlima wetu nao una fundisho lake. Mwaka 1887 Hans Meyer, Mjerumani, alipanda Kibo akarudishwa na barafu. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, na safari hii aliweka kambi kwa daraja, wapagazi wakileta chakula kutoka chini kwa zamu. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingoni mwa shimo la Kibo, lakini nguvu na saa zilikuwa zimekwisha. Hawakujilazimisha. Walishuka, wakapumzika, wakalala kambi ya juu zaidi, na tarehe 6 wakasimama kileleni. Shauku alikuwa nayo hata mara ya kwanza. Kilichoongezeka ni utaratibu. Na leo vijana wetu wawapandishao wageni kwa njia ya Rongai, karibu na Tarakea, huwaambia neno lile lile kila siku: pole pole.

Twawashauri mambo matatu. Kwanza, kazi ipewe saa yake, kama majani ya ng'ombe yalivyo na saa yake. Jambo lisilo na saa huliwa na mengine. Pili, kipimo kiwe kidogo, kiwezekane hata siku ya uchovu: ukurasa mmoja, mbuni mmoja, shilingi chache. Tatu, awepo shahidi. Mume amwulize mkewe, mke amwulize mumewe, na mtoto awaulize wote wawili. Na siku moja ikikupotea kwa ugonjwa au msiba, usihesabu kwamba yote yamevunjika. Angalia tu isifuatwe na ya pili.

Nanyi waalimu, msingoje mtoto apende hesabu ndipo mmpe hesabu. Mpeni kidogo, kila siku, saa ile ile, wala msimwaibishe akiwa mzito. Ataanza kuweza, na akisha kuweza ataanza kupenda. Maana mara nyingi hamu haitangulii kazi. Huifuata nyuma, kama ndama amfuatavyo mama yake.