NYAMA ILIYOKWISHA PIKWA NAYO YATAKA HADHARI

Nyama mbichi hatuili mpaka iive. Lakini soseji, poloni na vipande vya nyama baridi hununuliwa vikiwa vimekwisha pikwa, navyo huliwa bila ya kurudishwa motoni. Hapo ndipo penye hatari.

Mwaka 2017 na 2018 Afrika ya Kusini ilipatwa na mlipuko wa ugonjwa uitwao listeriosisi. Waliothibitishwa kuugua walizidi 1,000, na waliofariki walizidi 200. Katika kila wagonjwa kumi, zaidi ya wanne walikuwa watoto wachanga ambao hawajatimiza mwezi. Tarehe 4 Machi 2018 serikali ilitangaza kuwa chanzo kilikuwa poloni ya kiwanda kimoja mjini Polokwane. Watoto hao hawakula poloni. Ugonjwa huu hutoka kwa mama ukamfikia mwana tumboni.

Kijidudu chake, listeria, hufa kwa moto wa kutosha. Basi huingiaje katika nyama iliyopikwa? Huingia baada ya mapishi, kwa kisu, ubao, mashine ya kukatia na mikono. Tena baridi ya jokofu, ambayo hudumaza vijidudu vingi, haikizuii kuzaana polepole. Nayo nyama yaweza isinuke wala kubadilika rangi.

Kwa hiyo tuzingatie haya:

(a) Nunua kiasi cha siku moja au mbili tu, na uangalie tarehe ya mwisho.

(b) Itenge na nyama mbichi. Kisu na ubao vioshwe kwa sabuni na maji moto.

(c) Jokofu lisizidi digrii 5, na maji yaliyovuja katika pakiti yafutwe mara moja.

(d) Umeme ukikatika kwa saa 4 au zaidi, nyama hiyo isiliwe. Hasara ya soseji si kitu mbele ya hasara ya mtoto.

(e) Wajawazito, wazee na wenye afya dhaifu wasiile ikiwa baridi. Ipashwe moto mpaka itoe mvuke hadi ndani.

Mja mzito akipatwa na homa na maumivu ya mwili, hata yakiwa madogo, aende kituo cha afya upesi na aeleze alichokula wiki zilizopita, kwani ugonjwa huu huweza kujificha hadi siku 70. Ukitambuliwa mapema, una dawa.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya maziwa.