Wasemao na Wanyamazao

Wengi wenu mwajua kuwa ndugu yangu ni askari, naye anakaa na jamaa yake katika kambi moja karibu na mji wa Mbarara. Mwezi uliopita nilikwenda kuwaamkia. Nilimkuta wifi yangu jikoni akichambua maharage, nami mara moja nikaona kuwa hayakuwa yale ya siku zote. Yalikuwa na mawe, na mengi yametobolewa na wadudu. Nikamwuliza, "Wifi, yule mama wa Nakivale amehama?"

Hakuhama. Kwa miaka sita wifi yangu alinunua maharage na mahindi kwa mama mmoja Mkongo katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Walianza kama muuzaji na mteja, wakaishia kuwa marafiki. Mtoto wa tatu alipozaliwa, mama yule alifunga safari na kuku mkononi. Lakini majeshi yetu yaliingia mashariki ya Kongo Novemba 2021 kupambana na waasi wa ADF, na ndugu yangu alipopelekwa huko, kundi la simu la wake na majirani lilijaa maneno. Ilisemwa kwamba wakimbizi wote wanatuchukia, na kwamba Nakivale nzima inawaombea waume zetu mabaya. "Kila mtu anasema hivyo," wifi akaniambia. Akaingiwa na hofu, akaacha kwenda. Hata ndugu yangu aliporudi salama, hakwenda tena.

Nilimwomba anionyeshe simu. Kundi lile lina watu zaidi ya mia mbili. Tulikaa mkekani, yeye akitaja jina na mimi nikipiga mstari katika daftari la mwanawe, tukahesabu ni nani aliyetia neno lolote juu ya wakimbizi kwa mwezi mzima. Tulipata watu kumi na wanne. Na katika hao, wanne ndio waliokuwa wasemaji hasa. Waliosalia waliweka tu alama ya kidole gumba.

"Na hawa wengine wote?" nikauliza.

"Wamenyamaza."

"Basi wanakubali?"

Wifi hakujibu. Alijua, kama nilivyojua mimi, kuwa yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walionyamaza.

Jambo hili si la kambi moja. Huko Marekani, taasisi ya utafiti iitwayo Pew ilichunguza mwaka 2019 watu wazima watumiao mtandao wa Twitter, ikaona kuwa asilimia 10 tu kati yao ndio waliotoa asilimia 80 ya maneno yote. Kwetu mlango ni mwembamba zaidi. Yuko asiye na simu ya namna hiyo, na yuko aliye nayo lakini hana salio. Yuko mama ambaye simu ni ya mumewe, naye huishika tu kwa ruhusa. Tangu tarehe 1 Julai 2018 hadi katikati ya 2021 palikuwa na kodi ya shilingi 200 kila siku kwa mtu atakaye kuingia katika mitandao hiyo. Kwa mwenye watoto wanne na sufuria moja ya posho, shilingi 200 si kitu cha kuchezea. Na yuko mke wa askari, ambaye amefunzwa tangu siku ya arusi kuwa siasa si maneno ya kuzungumzwa hadharani.

Hata hivyo sisemi kuwa yasemwayo katika simu ni upuuzi mtupu. Hasha. Kumbukeni uchaguzi wa Januari 2021. Mtu aliyeishi kwa kusoma mitandao peke yake aliapa kuwa nchi nzima iko pamoja na Ndugu Robert Kyagulanyi. Matokeo ya Tume ya Uchaguzi, ambayo chama chake kiliyakataa, yalimpa Rais Museveni asilimia 58 na Kyagulanyi asilimia 35. Lakini tazameni Buganda: huko Kyagulanyi alishinda, na baadhi ya mawaziri, hata Makamu wa Rais wa wakati ule, walipoteza viti vyao vya Bunge. Kwa hiyo simu ilisema kweli juu ya Kampala na jirani zake. Kosa lilikuwa la yule aliyedhani Kampala ni Uganda yote. Tena si kila sauti ilikuwa ya mtu. Siku chache kabla ya kura kampuni ya Facebook ilifuta akaunti ilizoziita bandia, ikizihusisha na wizara ya habari na mawasiliano. Serikali nayo ikaufunga mtandao huo, na siku ya kura yenyewe intaneti ilikuwa imezimwa nchini kote.

Nilimwambia wifi kuwa dawa ya jambo hili ni nauli. Jumamosi tukapanda taksi, kisha bodaboda mbili, vumbi likatuchora nyusi.

Nakivale si kambi ya jana. Ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo wamo Wakongo, Warundi, Wasomali, Waeritrea na wengineo, wengi wakielewana kwa Kiswahili hiki hiki tuandikacho hapa. Mama yule hakutuuliza tulipotelea wapi. Alibandika maji ya chai, akafuta viti viwili kwa kanga, ndipo akasema, "Mimi nilidhani ninyi ndio mmetuchoka."

Kumbe naye ana kundi lake, la watu wa kwao. Humo imeandikwa mara nyingi kuwa Waganda wote wanataka wakimbizi wafukuzwe ili wachukue viwanja vyao vya kulima. Wifi yangu alipokosa kuja, mama aliona maneno yametimia. Nilimwuliza ni nani hasa waandikao. Akaanza kutaja: mmoja yuko Marekani, alihamishiwa huko miaka mingi iliyopita, mwingine yuko Nairobi, wa tatu hajawahi kumwona kwa macho. Hakuna hata mmoja kati yao anayelima Nakivale.

Wifi alifarijika, lakini mama hakumwacha afarijike upesi. "Chuki ipo," akasema kwa sauti ya chini. "Jirani yangu wa nyumba ile, akisikia jina la jeshi lolote hutema mate. Watu wenye bunduki walimwua mumewe, hata leo hajui walikuwa wa upande gani. Lakini yeye hana simu." Tulinyamaza wote watatu. Uchungu wa kweli ulikuwa hatua thelathini kutoka pale tulipoketi, na katika makundi yote mawili haukuwa umeandikwa.

Wakati wa kurudi, taa za Mbarara zilipoanza kuonekana, nilimkumbusha wifi kisa cha mji huu. Tarehe 17 Septemba 1972 Waganda waliokuwa wakimbizi Tanzania walivuka mpaka kuja kumwondoa Idi Amin. Kundi moja lilielekea Masaka, jingine likaishambulia kambi ya hapa Mbarara. Walitumaini kuwa wakishafyatua risasi za kwanza, wananchi na askari wengi watainuka pamoja nao. Wananchi hawakuinuka. Wengi walimwogopa Amin, wengine walikuwa bado wakimshangilia kwa sababu ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka ule ule. Mashambulizi yalivunjika kwa siku chache tu, na vijana wengi hawakurudi. Wakati ule hapakuwa na simu za mkononi. Lakini watu waliokuwa wakikutana ugenini walikuwa wamesikilizana wao kwa wao muda mrefu, kila mmoja akimthibitishia mwenzake kuwa nchi i tayari.

"Na waliolipa si waliokuwa wakisema," wifi akasema. Yeye ni mke wa askari; hilo aliliona kabla yangu.

Usiku ule hakuandika neno katika kundi. Alichagua majina matano kati ya wale walionyamaza, akamwandikia kila mmoja peke yake kuwa amekwenda Nakivale na amerudi na debe la maharage ya njano. Wawili hawakujibu. Mmoja alimwonya awe mwangalifu, akasema ana sababu zake. Wa nne alikiri kuwa yeye hakuacha kwenda hata siku moja, ila alikuwa akijificha. Wa tano aliuliza debe ni bei gani, na kama yule mama angali anauza mahindi pia.