Jeshi la jirani likishaingia, hutoka lini?

Juzi nilikuwa Ndalu, Bungoma, karibu na Kitale, kutafuta mahindi. Mzee aliyetuuzia alitukaribisha chai, redio ikiwa pembeni inataja wanajeshi wetu walioko Somalia. Akaniuliza, "Hivi hawa watoto wetu watarudi lini, mwanangu?" Sikuwa na jibu.

Mzee ana haki ya kuuliza. Mpaka wa Uganda hauko mbali na kwake, na Wabukusu wana ndugu zao Wamasaba ng'ambo ya Mlima Elgon. Anaikumbuka kahawa ya magendo iliyokuwa ikivushwa Chepkube, na ule mwaka 1976 Idi Amin alipodai sehemu ya magharibi ya Kenya ni yake, mizigo ya Uganda ikakwama bandarini kwetu Mombasa. Kisha Oktoba 1978 Amin akavamia Kagera. Nyerere akampiga, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Watu walishangilia, na nani angewalaumu?

Kumng'oa Amin kulichukua miezi mitano tu. Tabu ikaja baadaye. Serikali iliyopangwa Moshi na Waganda waliokuwa uhamishoni ilimwondoa Yusuf Lule baada ya siku 68. Akaja Binaisa, naye wanajeshi wakamtoa. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulimrudisha Obote huku askari wa Tanzania wangali nchini. Februari 1981 Museveni akaingia msituni, Watanzania wakaondoka mwaka huo huo, na Luwero ikazika watu wake mpaka 1986.

Miezi ile ile, mbali na sisi, Wakhmer wa Kambodia walipitia jambo kama hilo. Utawala wa Pol Pot ulikuwa umeshaangamiza karibu watu milioni 1.7. Vietnam ikaingia Desemba 1978, na tarehe 7 Januari 1979 ikauteka mji mkuu, Phnom Penh. Lakini wao walikuwa na bahati mbaya zaidi ya Waganda: wakubwa waliingilia. China iliishambulia Vietnam, na Marekani ikakubali kiti cha Kambodia Umoja wa Mataifa kibaki na watu wa Pol Pot, muuaji yule yule! Vietnam ilikaa hadi 1989, na muda wote huo silaha za kupigana nayo zilipitia mpaka wa Thailand.

Turudi kwetu. Jeshi letu lilivuka kuingia Somalia Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa Kiwayu na Manda. Kismayu ikachukuliwa mwaka uliofuata. Lakini Juni 2014 Mpeketoni ilipoteza watu zaidi ya 60. Wavuvi wa Lamu wakazuiwa kuvua usiku kwa miaka, na mvuvi asiyevua usiku anakula nini? Mwaka 2015 msitu wa Boni nao ukawa uwanja wa operesheni, na Waaweer wanaoishi kwa asali ya msitu huo wakabanwa.

Tena vita vyenyewe vimebadilika sura. Desemba 2024 waliopigana Ras Kamboni, mlangoni kwa Kiunga, hawakuwa al-Shabaab na serikali. Walikuwa wanajeshi wa Mogadishu na wa Jubaland ya Ahmed Madobe, na baadhi ya wa Mogadishu wakakimbilia upande wetu. Huo ni ugomvi wa Wasomali wenyewe juu ya nani atawale, kama ule uliozuka Kampala baada ya Amin.

Sisemi jeshi litoke kesho. Likitoka ovyo, wa kwanza kuumia ni watu wa Kiunga na Basuba. Lakini kifungu cha 240 cha Katiba kinataka Bunge liidhinishe jeshi kupelekwa nje, na wabunge wa pwani wangeweza kuuliza zaidi ya bajeti. Ni hali gani ikifikiwa ndipo tutasema kazi imekwisha? Kati ya Madobe na Mogadishu, sisi tuko upande gani, na nani aliamua? Na siku wanajeshi watakaporudi, nani atalinda njia ya Kiunga, ambayo mpaka leo watu huipita kwa roho mkononi?

Mzee wa Ndalu naye bado anangoja jibu lake. Nimemwahidi nikilipata nitampigia.