Acheni kuchora gazeti kwenye simu

Kila kijana anayeanza katuni ya mtandaoni huambiwa: tafuta mtindo mmoja, ung'ang'anie, ukibadilisha wasomaji watakimbia. Jamani, huo ni ushauri wa gazeti!

Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Gazeti lina nafasi yake na saa yake ya kupiga chapa, kwa hiyo umbo moja lilikuwa na maana. Sasa mtandaoni nani amekunyima nafasi? Scott McCloud aliliandika hili mwaka 2000: skrini ni dirisha tu, turubai iliyo nyuma yake inaweza kuendelea bila mwisho. Wakorea wakazoesha wasomaji wao kuteremsha hadithi kwa kidole gumba. Sisi bado tunabandika fremu nne za mlalo kwenye simu, halafu msomaji anavuta picha kwa vidole viwili kama anayetafuta jina lake kwenye orodha ya matokeo.

Chukua mfano wa hapa Awendo: matrekta yaliyopanga foleni kupima miwa kiwandani Sony. Kwa fremu nne, foleni ni mchoro mmoja, umeisha. Sasa ichore kwenda chini. Trekta, trekta, dereva amelala chini ya trela, trekta, muuza njugu, trekta tena... na kila ukiteremsha, majani ya miwa yanazidi kukauka. Mkulima hulipwa kwa uzito, na miwa iliyokatwa hupungua uzito kadiri inavyokaa. Mwache msomaji achoke kidole. Uchovu huo ndio hadithi yenyewe, na hakuna mhariri wa gazeti atakayekupa ukurasa wa kuusimulia.

"Lakini watakimbia!" Shujaaz ilipoanza mwaka 2010 ilikuwa katuni ya kuchapishwa, kwa Sheng, na papo hapo ikawa kipindi cha redio, na DJ Boyie wa kuchorwa akawa anapiga gumzo na vijana Facebook. Mwaka 2012 ikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. (Najua, walikuwa na wafadhili. Wewe una kitu wasichokuwa nacho wachapishaji: ukijaribu Jumanne ikaharibika, faili ya Jumatatu bado ipo, na hakuna karatasi iliyopotea.)

Halafu kuna hili linaloniudhi kabisa kama mwandishi wa programu: maneno kuchomelewa ndani ya picha! Yatenge. Weka mchoro peke yake na maneno juu yake kwa HTML au SVG. Hapo picha ileile itasema Dholuo, Kiswahili au Sheng kwa kubadilisha faili moja ndogo ya maandishi, Google itayasoma, na simu ya asiyeona itamsomea. Ukitaka dereva aseme jambo jingine kesho, unabadilisha mstari mmoja, huchori upya.

Anza na hiyo foleni. Na dereva aongee Dholuo kwanza, maana ndiyo anayoongea akiwa amekasirika.