Kando ya Mto: Kola, Kwapa, Zipu



Toleo lililopita tuliandika juu ya kupika maharage katika jiko la bweni, na tunawashukuru wote waliotupa pole baada ya king'ora cha moto kulia. Safari hii tunajibu swali lililoulizwa kwenye mikutano miwili mfululizo: kijana wa miaka ishirini, mwenye pesa za mwanafunzi, atavaaje vizuri siku za kawaida, na si siku ya harusi tu?

Kabla ya kushauri, tukiri. Sisi tunaoandika safu hii si watanashati. Mmoja wetu, wa Louisville, alivaa sweta moja lenye jina la chuo tangu Septemba hadi Desemba. Mwingine, wa Columbus, ana jozi tisa za viatu na hana soksi mbili zinazofanana. Wa tatu, wa Buffalo, ndiye mwenye kisa cha koti. Kisa hicho kilitufundisha mengi kuliko video zote za mitindo tulizowahi kutazama, kwa hiyo tuanze nacho.

Familia yake inakaa mtaa wa Riverside, kaskazini-magharibi mwa Buffalo, karibu na Mto Niagara. Wazazi wake ni watu wa Uvira. Yeye mwenyewe alizaliwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mkoani Kigoma mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliokimbia vita. Mama yake aliuza mitumba Uvira, akauza tena mitumba kambini, na sasa anafanya usafi hotelini zamu ya usiku. Likizo ya Oktoba tulikwenda kwao sote watatu, na mwenzetu aliingia nyumbani amevaa koti alilolinunua kwenye duka la nguo zilizovaliwa. Dola nane! Alijisifu nalo njia nzima.

Mama akalitazama. "Papa, hii nguo ni ya nani?" (Kwao mtoto wa kiume huitwa papa kwa mapenzi.)

"Yangu, Mama. Nimeinunua. Ni mitumba. Chuoni kila mtu anavaa hivi siku hizi."

Mama hakujibu. Asubuhi yake, aliporudi kazini, tulimkuta ameweka dola sitini mezani. "Nenda ukanunue koti jipya," alisema. "Sikuwavusha mito yote hii uje huku uvae ya watu."

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba neno moja lina maana mbili ndani ya nyumba moja. Kwa wanafunzi wenzetu, nguo iliyovaliwa ni werevu: ni ya bei nafuu, haichafui dunia, na hakuna mwingine mwenye kama hiyo. Kwa wazazi wetu wengi, ni kumbukumbu ya miaka waliyokuwa hawana la kuchagua. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mama aliona mwanawe amerudi kwenye kuazima, tena kwa hiari.

Lakini kisa hakikuishia hapo. Alipokuwa anakunja lile koti ili aliweke kando, mikono yake ikafanya kazi yake ya zamani yenyewe. Alilipindua ndani nje. Akapitisha kidole kwenye kola, akavuta kwapa, akapandisha zipu, ikakwama katikati. Bitana ilikuwa imechanika chini ya mkono wa kushoto, na zipu ilikuwa na meno mawili tu ya kuaminika. Mama akakaa chini akacheka mpaka machozi. "Mtoto wa muuza mitumba," alisema, "na umeuziwa bovu!"

Jumamosi ile alitupeleka dukani mwenyewe.

Tusimame kidogo kwa ajili ya wapenda maneno, maana tunajua walimu watauliza. Mtumba ni mzigo uliofungwa, robota, na nguo zilizofika Afrika Mashariki ndani ya marobota zikachukua jina la mzigo wake. Uganda wanasema mivumba. Rwanda na Burundi wanasema caguwa, nalo ni neno letu "chagua", kwa sababu mnunuzi huinama juu ya rundo na kuchagua. Ukienda Gikomba, Nairobi, utasikia nguo ya daraja la kwanza ikiitwa kamera.

Biashara hii ina siasa zake pia. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizi sokoni polepole, ili viwanda vya nyumbani vipate nafasi. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na nchi nyingi za Jumuiya zikarudi nyuma. Rwanda haikurudi. Ilikuwa imekwisha kupandisha ushuru kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo zinazotoka Rwanda. Kwa hiyo mfuko wa nguo unaouacha mlangoni mwa duka hapa Buffalo au Columbus si takataka ya nyumbani tu. Huenda ukavuka bahari.

Mama alikuwa upande wa pili wa bahari hiyo. Alitusimulia siku aliyofungua robota alilolinunua kwa mkopo, asijue kilichomo, akakuta makoti mazito ya theluji. Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, koti la theluji la nini? Alilia siku nzima. Baadaye akayauza moja moja, mengine kwa waendesha pikipiki wanaopigwa na upepo wa usiku, mengine kwa watu wa milimani kunako baridi. "Sikuelewa ni watu gani wanaohitaji nguo nzito hivi," alisema huku tukipita kati ya safu za makoti. "Sasa ni mimi."

Haya ndiyo aliyotufundisha siku ile, pamoja na machache yetu.

Kwanza, kola, kwapa, zipu. Hizi ndizo sehemu tatu zinazokufa mapema. Kola iliyosagika haitengenezeki. Kwapa lililobadilika rangi halitakati. Zipu pandisha na kushusha mara tatu, si mara moja. Kisha inua nguo uelekeze kwenye taa: matundu ya nondo huonekana kwenye mwanga. Mwisho inuse. Harufu ya sabuni si kitu, lakini ya ukungu itakufuata mpaka nyumbani.

Pili, bega kwanza. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega lako. Fundi cherehani anaweza kufupisha mikono, kukunja pindo la suruali na kubana kiuno kwa pesa kidogo, lakini kurekebisha bega ni karibu kushona upya. Siri ya watu wanaoonekana wamevaa nguo ghali mara nyingi ni hii tu: nguo zao zinawakaa. Na mafundi tunao. Uliza msikitini, uliza kanisani, uliza shangazi zako. Katika miji yetu mitatu hatujakosa mama au mzee mwenye cherehani sebuleni.

Tatu, soma lebo. Sufu hupasha joto hata ikilowa kidogo. Pamba ikilowa hukunyonya joto. Kwa hiyo jinzi za pamba ni nzuri Septemba na ni adui wakati wa theluji. Tunaotoka Buffalo hatusemi haya kwa mzaha, maana tufani ya theluji ya Desemba 2022 iliua watu zaidi ya 40 katika eneo letu. Mwenzetu wa Columbus, ambaye nyumbani kwao wanazungumza Chimwiini cha Barawa, anaongeza jambo kwa wavaao hijabu: siku ya maabara ya kemia chagua mtandio wa pamba na uuchomeke vizuri ndani. Polista ikishika moto huyeyuka na kugandia ngozi.

Nne, chupi, soksi na buti nunua vipya. Hili Mama hakutaka lijadiliwe. Kiatu kilichovaliwa kimekwisha kuzoea mguu wa mwingine, na wewe ndiwe utakayeumwa.

Tano, rangi tatu. Hili tumelipata kwa wasapeur, wale watanashati wa Brazzaville na Kinshasa ambao Papa Wemba aliwapa sifa dunia nzima. Kanuni yao inayojulikana sana ni kwamba rangi zisizidi tatu kwa mara moja. Sisi hatuna pesa za suti zao, lakini kanuni haina bei. Chagua rangi mbili tulivu, kwa mfano bluu nzito na kijivu, uongeze moja inayosema. Kabati la nguo kumi na mbili zinazopatana lina faida kuliko la arobaini zinazogombana.

Sita, kikwembe siku ya Jumatano. Wengi wetu tuna vitenge ambavyo huvaliwa harusini, msibani na kwenye usiku wa Afrika chuoni, kisha hurudi sandukuni. Nguo inayotoka siku ya maonyesho tu huanza kuwa vazi la mchezo wa kuigiza. Jaribu kipande kimoja siku ya kawaida: shati la kitenge na suruali nyeusi, au sketi ya kitenge na sweta lisilo na mapambo. Ila kanga, soma kwanza! Mmoja wetu alikuja kwenye mkutano wa klabu amevaa sketi ya kanga aliyorithi kwa bibi yake, akijivuna, mpaka mwalimu mmoja aliposoma maandishi na kukohoa. Yalikuwa maneno ya kumrushia mke mwenza. Mwenzetu hana hata mume.

Kuna kitu kimoja zaidi tunapenda kukisema kuhusu hiari. Mwenzetu wa Louisville ana picha ya babu yake mwaka 1974 akiwa Kinshasa, mwaka ule ule Muhammad Ali, kijana wa Louisville, alipopigana na Foreman mjini humo. Babu amevaa abakosti, koti lisilo na tai, kwa sababu Mobutu alikuwa amepiga marufuku suti na tai za Kizungu. Babu amependeza kwelikweli. Lakini hakuchagua. Sisi hatuna rais anayetuchagulia nguo. Tuna matangazo kwenye simu, tuna wenzetu wa bwenini, na tuna wazazi wenye sababu zao. Kuvaa vizuri, tunavyoona sasa, ni kujua ni sauti ya nani unayoitii unapofungua kabati asubuhi.

Turudi dukani. Mwenzetu alipata koti la dola kumi na nne, zipu ya chuma, bitana nzima. Alitaka kumrudishia Mama chenji ya zile sitini, akakataa; pesa ikitoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto hairudi nyuma. Akaambiwa akanunue buti.

Lakini Mama alipokuwa akikagua mikono ya makoti ya watu, sisi watatu tuliona mikono ya koti lake. Ni lile alilopewa na wafadhili uwanja wa ndege mwaka 2016, usiku waliofika. Pindo limechakaa, kifungo kimoja ni cha rangi nyingine. Tulipomwuliza, alisema, "Langu bado."

Mwenzetu akatoa kwenye safu koti la sufu la bluu nzito, la kike, akamkabidhi bila neno. Mama akalipindua. Kola. Kwapa. Zipu haikuwapo, vilikuwa vifungo, akavihesabu vyote. Akaliinua kwenye taa. Alikaa nalo muda mrefu akitafuta kasoro, nasi tukijifanya tunatazama mikanda. Hakupata. Bei yake ilikuwa dola kumi na moja, na mwenzetu alilipa kwa pesa yake ya kazi ya maktaba. Safari hii Mama hakuuliza lilikuwa la nani.

Analivaa Jumapili kanisani. Kazini bado anakwenda na lile la zamani, na kila tukimpigia simu tunamgombeza.

Mkutano ujao wa klabu tunaomba kila mwanachama aje na nguo moja ambayo haimkai, iwe kubwa, ndogo au ya rangi aliyojutia. Tutabadilishana. Tutakuwa na sindano, uzi na pasi, na mwenzetu wa Columbus ataonyesha namna ya kukunja pindo kwa mkono. Walimu pia mnakaribishwa, hasa mwenye tai ya kijani. Na kabla ya siku hiyo, muulize mzazi wako swali moja: nguo ya kwanza uliyojinunulia mwenyewe ilikuwa ipi, na ulikuwa wapi? Tuletee jibu. Toleo lijalo tutaandika majibu yenu.