Brashi Juu ya Picha: Kosa Liko Wapi?

Kuna maneno nimechoka kuyasikia, na leo nayajibu hadharani. Ati picha ya kamera ni ya kweli, mchoro ni wa kubuni, na anayeichukua picha akaipaka rangi ameharibu vyote viwili. Nimeambiwa hayo Wete, nimeambiwa Chake, na mwisho nimeambiwa Unguja na bwana mmoja aliyekuwa akichagua kazi za vijana kwa maonyesho. Nilimpelekea picha tatu za Pemba, nimezipiga mwenyewe na kuzipaka rangi mwenyewe. Akazitazama, akanirudishia. "Kijana, amua. Wewe mpiga picha au mchoraji?"

Mie nauliza: nani aliyewahi kuvitenganisha hivi viwili kwetu sisi?

Wanaotukemea hawaijui historia. Filamu ya rangi ilipokuwa haijaenea, picha ya rangi ilikuwa kazi ya mkono. Ilitoka nyeusi na nyeupe, mara nyingi ikageuzwa kahawia kwa dawa. Kisha fundi akazungusha pamba kwenye kijiti, akapaka rangi nyepesi ya mafuta: wekundu kidogo mashavuni, udhahabu kwenye kidani, buluu kwenye nguo. Studio kama Capital Art, aliyoifungua Ranchhod Oza Unguja mwaka 1930, ilizaliwa enzi hizo za nyeusi na nyeupe. Bwana harusi hakwenda kulalamika kwamba mkewe kapakwa. Picha ilitundikwa ukumbini, na wajukuu wakaonyeshwa: huyu ndiye bibi yenu.

Nenda Lamu. Omar Said Bakor, mwenye Bakor Studio, alikuwa akikata nyuso za wateja kwa mkasi, akazipachika kwenye maua na nakshi, kisha akaipiga picha upya. Nenda Mombasa, kivuko cha Likoni, miaka ya 1990. Wapiga picha walikuwa na vibanda vyao, na nyuma ya mteja pazia lililochorwa meli, ndege na magorofa. Kijana wa bara aliyekuja kutafuta kibarua alisimama mbele ya meli ambayo hajapata kuipanda, akapeleka picha kwao. Je, alidanganya? Uso ni wake, shati ni lake. Na ile meli ndiyo tamaa iliyomtoa kwao. Kamera imechukua mwili, brashi imechukua nia.

Hata lugha yetu inajua. Tunasema tunakwenda "kusafisha picha". Kwani ilitoka chafu? Wazee walielewa kwamba picha haijitokei tu kama jua. Ina mkono wa mtu ndani yake.

Sasa nije kwetu Pemba. Mwaka 1995 kisiwa kilishikwa na hofu ya Popobawa, ikavuka mpaka Unguja na Dar es Salaam. Watu waliviacha vyumba vyao, wakalala nje kwa makundi, moto unawaka. Haya, mpe mtu kamera usiku ule. Atapata mikeka, moto, na watu wako macho. Picha safi, na haisemi kitu. Asiyejua atadhani ni matanga. Mpe mwengine brashi peke yake. Atachora dude la mabawa na jicho moja, kama wageni walivyokuja kulichora, watu wacheke. Huyu kakamata hofu, hakukamata walioogopa. Yule kakamata walioogopa, hofu imempita. Weka vyote kwenye karatasi moja: nyuso zile zile za majirani, na juu ya mapaa, kwa wino, kivuli ambacho kamera haikukiona lakini kila jicho pichani linakitazama. Hapo ndipo utakapokuwa umeusema usiku wa 1995.

Au chukua karafuu. Kila kalenda ina ule mkeka wa karafuu zilizoanikwa juani. Mzuri, hapana ubishi. Lakini karafuu ile kisheria mnunuzi wake ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na miaka mingi ilikuwa ikivushwa usiku kwa magendo kwenda Kenya. Kamera ya mchana inaona mkeka. Haioni bei, haioni chombo kinachoondoka gizani bila taa. Katika moja ya zile picha zangu tatu, mkeka uko juani na chini yake nimepaka bahari ya usiku. Anayetoka Pemba haulizi maana yake.

Na iko picha moja tunayoijua kuliko zote: ile ndogo ya kitambulisho. Ukuta mtupu nyuma, tazama mbele, usicheke. Sheria ya 2005 ilileta kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi. Ilipofika 2009, uandikishaji wa wapiga kura Pemba ukazuka ugomvi, kwa sababu asiyekuwa nacho alikataliwa kuandikishwa. Mtu kazaliwa hapa, baba yake kazikwa hapa, anaambiwa alete cha kumthibitisha! Hiyo basi ndiyo picha halisi tunayofundishwa kuiheshimu: inayosema wewe ni nani baada ya kufuta kila kilicho nyuma yako. Mie nilimpiga mjomba wangu picha ya namna hiyo hiyo, nikaikuza, na pale penye ukuta mtupu nikachora mikarafuu aliyoipanda, makaburi ya wazee wake, na njia ya kwenda pwani. Yule bwana wa maonyesho akaniambia nimeiharibu. Nimeiharibu, au nimemrudishia mjomba vilivyo vyake?

Najua wako watakaonijibu kwa dini. Hao siwajibu kwa kejeli. Wanavyuoni wamehitilafiana: wapo waliokataza picha, na wapo, kama Mufti wa Misri Muhammad Bakhit al-Muti'i, walioona kamera inazuia kivuli tu, haiumbi. Kila mtu na amuulize shekhe wake. Lakini angalia: mwenye kuogopa kuchora uso, brashi yake na ishike miti, bahari na nakshi. Uso umeshachukuliwa na mwanga. Kumbe ndoa hii ya brashi na kamera inaweza kumfaa hata yeye.

Wako wengine watasema brashi itadanganya watu. Ni kweli inaweza. Picha ya gazetini au ya mahakamani sitaki iguswe hata kwa ncha ya kalamu. Lakini brashi yangu inaonekana, rangi imevimba juu ya karatasi, ukipitisha kidole unaihisi. Mwongo ni yule anayeficha mkono wake. Simu mnazojipigia picha zinalainisha ngozi na kung'arisha macho kimyakimya, na nyie mnasema, "Mimi huyo!" Hapo hamuoni kosa?

Na nyie waandishi wenzangu msikae pembeni mkacheka, maneno haya yanawahusu. Mnaambiwa hivyo hivyo: andika habari au andika hadithi, changanya ukaonekana huna adabu. Matokeo yake hadithi zetu zina mapenzi yasiyo na mtaa, na habari zetu zina mitaa isiyo na roho. Pemba inaandikwa kama kalenda, mikarafuu na fukwe, watu hawamo.

Kwa hivyo nasema hivi. Ingieni kwenye masanduku ya mama zenu, tafuteni picha ya zamani. Ile yenyewe msiiguse, mama atawafukuza, itoeni kopi. Muulizeni nini kilikuwa nje ya picha siku ile: nani alikataa kuja, shamba lilikuwa la nani, chombo kilikuwa kinakwenda wapi. Atakachokwambieni, kipakeni juu yake. Kisha leteni kazi hizo, tuzitandaze barazani watu wapite watazame. Akitokea bwana wa kutuambia tuamue, tumwambie tumeshaamua.